Matairi ya Mwanyumba

Fundi wa mapaa alikuwa ameezeka nyumba zaidi ya mia mbili, na ya mama mkwe wake ikiwa mojawapo. Aliiezeka bure, siku tisa juani, misumari mdomoni, na mpaka leo haijavuja hata tone. Lakini ukimkuta yule mama barazani anamsifu mtu, usidhani anamsifu aliyemwezekea. Anamsifu mwanyumba.

Huyo mwanyumba, mume wa mdogo wa mke wa fundi, kazi yake ilikuwa kusambaza madaftari madukani, naye kama fundi alikuwa na pikapu. Pikapu ya fundi ilikuwa ndefu kwenda juu, imechubuliwa ubavuni na mabati. Ya mwanyumba ilikuwa fupi, inang'aa, na matairi yake mapana ya lami yamekaa kwenye rimu kama viatu vya bwana harusi. Kila Jumanne mama mkwe alikuwa na kliniki ya magoti, na kila Jumanne alipelekwa na mwanyumba.

"Gari la mwanangu yule halitembei, linateleza," alikuwa akisema akirudi. "Chai ungekunywa humo na isimwagike."

Fundi akisikia hivyo, tonge lilimgeuka kinywani. Mwanangu! Na yeye ni mtoto wa nani?

Mwaka ule matairi yake yakaisha, yakawa vipara kabisa. Akaenda kwa muuza matairi waliyemwita Presha, kwa sababu kipimo cha upepo hakikumtoka mfukoni hata siku ya msiba.

"Unabeba nini?" Presha alimuuliza, ingawa alijua.

"Mbao. Mabati."

"Njia ikoje?"

"Si unajua, viwanja vipya havina njia. Matope na mawe."

"Basi umeshajijibu." Presha akaligonga teke tairi nene lenye meno makubwa. "Hili ni la njia zote. Ubavu wake mgumu, likikanyaga jiwe halichaniki. Kwenye lami litakuvumia masikioni, lakini utafika."

Fundi hakulitazama. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye yale mapana. "Na yale?"

"Yale ni ya lami tupu. Kona unaikata kama wembe, na lami ikilowa yanashika vizuri. Kwenye matope hayafai kitu. Mwanyumba wako ndiyo anayotumia, na yanamfaa. Yeye anabeba karatasi."

Presha angeishia kwenye habari ya matope, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini alilitaja jina la mwanyumba, na roho ya fundi ikawaka kama mkaa uliopulizwa.

"Nifungie yale."

"Fundi, u mzima wewe?"

"Nimekuja kununua matairi, sikuja kupimwa akili."

Nyumbani mkewe aliizunguka pikapu mara moja, mikono kiunoni. "Nani kakushauri?"

"Nimejishauri mwenyewe."

"Nilijua. Presha hawezi kukosea hivi."

Jumanne ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, lakini fundi alikwisha kuosha gari, na saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwa mama mkwe, shati limenyooka.

"Mama, leo nakupeleka mimi. Tazama, nimeweka matairi kama yale ya mwenzangu."

Mama mkwe alitoka na mkoba na kadi yake ya kliniki. Matairi hakuyatazama. Aliutazama mlango wa gari, akautazama tena, akashusha macho.

"Ahsante, baba. Nitamsubiri mwenzako."

Mwanyumba alipofika, mama alikaa kitini kama anayekaa sebuleni kwake, akaingiza miguu, wakaondoka. "Pole, mwanyumba," yule bwana alisema kabla ya kutia gia, tena kwa moyo safi. Bora angemkejeli.

Fundi akaenda kazini anatoka moshi puani. Kwenye mteremko wa kiwanja matairi mapya yakazunguka bure, gari likaenda upande, na jiwe likachana moja ubavuni. Mpaka adhuhuri yeye na mwenye nyumba inayoezekwa walikuwa wanabeba mbao mabegani.

"Fundi," mwenye nyumba alisema akihema, "haya matairi ni ya kuendea harusini."

Jioni alimwaga yote kwa mkewe. "Mama yako hanipendi! Nimemwezekea, nimemsogezea maji, sasa nimeweka hadi matairi, bado ananikataa!"

Mkewe akaacha kukunja nguo. "Unakumbuka ile siku moja uliyompeleka kliniki, kabla mwenzako hajaanza? Ulimshika kwapani ukampandisha kama mfuko wa saruji, majirani wanatazama. Alirudi akalia."

"Mbona hakuniambia?"

"Akwambie mkwewe kwamba umemwaibisha? Kwa mwenzako mlango uko chini, anaingia mwenyewe. Matairi anayajulia wapi mama yangu?"

Miezi yote hiyo fundi alikuwa akiuonea wivu mpira wa matairi, kumbe jambo lilikuwa goti.

Presha aliyapokea yale matatu mazima, akafunga manne ya meno. Kucheka alitaka sana, akajizuia. Matairi hayo yaliinua gari kwa vidole viwili zaidi, kwa hiyo fundi akachukua randa na mbao ngumu, akatengeneza ngazi ya hatua tatu yenye mahali pa kushika. Jumanne iliyofuata akaiweka mlangoni mwa gari, akampa mama mkwe mgongo, akajitia kukagua paa la nyumba.

Alipogeuka, mama alikuwa amekaa, mkoba mapajani.

Barabarani matairi yakavuma kama mzinga wa nyuki. Walikuwa hawajafika mbali mama akasema, "La mwenzako halina kelele hizi."

Fundi akaubana usukani. Wivu ule ule ukampanda.

"La mwenzangu halifiki kwa dada yako kule bondeni."

"Nani kakwambia nataka kwenda kwa dada yangu?"

Mama akatazama nje, akaufungua mkoba, akaufunga.

"Tangu mvua zianze sijamwona," akasema. "Twende basi, tukitoka kliniki."

Fundi akaitikia kwa kichwa tu, asije akaonekana amefurahi mno. Ila walipofika kwenye maduka anayosambazia mwanyumba madaftari alipunguza mwendo, akawa anaitafuta kwa macho ile pikapu fupi inayong'aa, ili mwenye gari hilo aone nani kakaa kiti cha mbele.