Nambari za Pikapu ya Baba

Enzi zetu kule Kalama, mtu aliyekuambia kitu hakitengenezwi alikuwa hajajaribu. Naandika haya hasira haijaniisha, kwa hiyo wa rika langu mnisamehe, na vijana mvumilie.

Baba alikuwa mwalimu, na pikapu yake ya rangi ya maziwa ilikuwa kuukuu hata kabla hatujazaliwa. Nilipokuwa darasa la tano, mshale wa spidi ulianza kutetemeka, kisha balbu za dashibodi zikafa moja baada ya nyingine. Tukirudi kutoka soko la Machakos jua likizama, kazi yangu ilikuwa kuumulika mshale kwa tochi na kumsomea baba. "Arobaini! Themanini! Hapana, ishirini!" Mama, aliyebanwa mlangoni na kikapu cha maembe mapajani, alisema, "Mwambie achague moja tujue tunakufa au tunafika."

Jumamosi moja baba akaamua. Alitoa waya wa betri kwanza, akafungua skrubu za dashibodi na kuzipanga kwenye kifuniko cha sufuria ya kupikia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, mama akikitazama kifuniko chake kwa uchungu. Mimi na kaka yangu Kioko tulisongamana mlangoni, mikono nyuma, tukinusa vumbi na petroli. Balbu zilikuwa ndogo kama punje za kunde. Baba alibadilisha zote, hata iliyokuwa bado inawaka, kwa sababu zilizeeka pamoja. Mshale wenyewe hakuugusa. "Huu hauna kosa," alisema. "Kinachoutetemesha kiko nyuma." Akachomoa kebo ndefu iliyotoka kwenye giaboksi, kavu kabisa, akaipangusa kwa mafuta ya taa na kuipaka grisi taratibu. Grisi ilipokwisha katikati, Kioko alileta samli ya mama. Baba alicheka hadi akakaa chini. Mama hakucheka.

Kitu kimoja tulikatazwa kugusa: nambari ndogo za kilomita chini ya mshale. Sisi Wakamba mara nyingi humwita mtoto kwa wakati aliozaliwa, na Kioko alikuja asubuhi. Baba aliongeza la kwake. Kila alipomfikisha mama hospitalini kujifungua, alisoma nambari kabla ya kuzima gari. Kioko ni elfu arobaini na nane. Mimi, Mwende, ni elfu hamsini na tatu. Tukigombana, baba aliita kutoka shambani, "Elfu hamsini na tatu, mheshimu elfu arobaini na nane!"

Juzi mshale ukaanza tena. Baba ni mzee sasa, haendeshi, na majina yanampotea. Mimi huniita kwa jina la shangazi. Lakini nikimketisha kwenye pikapu akazisoma zile nambari, anarudi kwetu kidogo, anasimulia mvua ya siku aliyozaliwa Kioko. Ndiyo maana niliipeleka gereji mjini. Kijana wa pale, simu mkononi, hakuinama hata kuitazama kebo.

"Madam, hii haitengenezwi siku hizi. Tunatoa yote tunaweka ingine. Niko na moja safi, ya gari ilianguka."

Nilimwambia asiguse kitu, nikaenda duka la vipuri kutafuta balbu. Niliporudi, dashibodi ngeni inang'aa, na ya baba iko kwenye ndoo ya vyuma chakavu! Aiya! Nilipiga kelele mpaka muuza mahindi akavuka barabara kuja kutazama.

"Lakini madam, si hata hii inasoma?"

"Inasoma safari za watu wengine," nikamwambia. "Mimi sikuzaliwa humo. Rudisha!"

Akarudisha, akinung'unika. Hawa ndio vijana wetu: simu ikififia kioo wananunua nyingine, gari likitetemeka wanang'oa kila kitu. Sisi tulifundishwa kutazama nyuma ya mshale. Sijui ni nani aliyesahau kuwafundisha, na naogopa ni sisi.

Jumamosi nilifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani, kwa bisibisi ya baba na kifuniko kilekile. Balbu ziliwaka. Nikamketisha baba kando yangu, tukateremka polepole hadi kanisani na kurudi, mshale umetulia kwenye thelathini. Aliinamia zile nambari kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza. Kisha akanigeukia.

"Elfu hamsini na tatu," akasema, "umekula?"