Mlango wa Uani

Mjukuu wangu, lile neno la Kiingereza ulilonisomea jana, *dodge*, ukasema maana yake ni kukwepa, limenirudisha mbali. Nakumbuka siku moja nyumbani kwetu Bagamoyo, mimi bado msichana.

Athumani wa Lugoba alikuwa ameniposa, nami nilimpenda, nisikufiche. Baba hakutaka niolewe mbali na ndugu, ila kusema hapana kulimshinda. Kila mara mshenga wake, Mzee Shomari, alipopiga hodi barazani, baba alimwambia, "Subira yavuta heri." Mwisho hata hilo likamwia zito, akawa akisikia hodi tu anatoroka kwa mlango wa uani. Na uani kwetu, unajua, ni pa wanawake.

Siku hiyo bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Baba akaja ananyata, viatu mkononi. Bibi hakuinua hata uso.

"Huku wanapita wanawake na kuku, mwanangu. Wewe ni yupi?"

Sisi wanawake tuliokuwapo tukaziba midomo kwa kanga. Bibi hakucheka.

"Ngumi ikija, ikwepe, hiyo ni akili. Huyu kaja na salamu, na kijana wa watu yuko Lugoba hajui angoje au aoe kwingine. Nenda kamjibu."

Baba akavaa viatu, akarudi barazani. Nikamsikia: "Mzee mwenzangu, mtuwie radhi. Binti hatutaweza kumtoa." Mzee Shomari akashukuru, akaaga kwa heshima.

Nililia, mwanangu, chakula kikanishinda. Lakini kilio kile kilikuwa na mwisho. Kungoja hakukuwa nao. Athumani akaoa kwao, mimi nikampata babu yako. Mpaka leo nikisikia nazi inakunwa, namkumbuka bibi, natamani kumwona.

Sasa usidhani sikuoni. Binti wa Mapinga akipiga, unaifudikiza simu. Ulimwahidi washenga mwenyewe, leo unawaambia wadogo zako, "Semeni sipo." Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama moyo umegeuka, mwambie. Kama haujageuka, sema tutume wazee. Anayekungoja mjibu kwa mlango wa mbele, hata jibu likiwa chungu.

Mungu akupe ulimi wa kweli, akujaalie nyumba ambayo hutaitoroka kwa nyuma. Haya, inaita tena hiyo. Pokea.