Shaba Kwenye Shamba la Nyanya

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mjiolojia kijana, nimerudi Kigali kutoka masomoni Lubumbashi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta shaba kwenye vilima vya nyuma ya Kibagabaga. Kabla ya kuleta mashine ya kuchoronga miamba, ilibidi tuchote udongo huku na huku na kuupeleka maabara. Udongo wa mteremko mmoja ukaonekana una shaba nyingi ajabu. Mkubwa wangu alinikumbatia mbele ya makarani wote.

Nilirudi mteremkoni peke yangu kuhakikisha. Mama mwenye shamba la nyanya alinipokea kwa wasiwasi.

"Mwanangu, ni kweli mtatuhamisha?"

"Bado, mama. Ngoja kwanza nitazame."

Mumewe alikuwa katikati ya nyanya, bomba mgongoni, akipuliza dawa ya ukungu. Majani yote yalikuwa na madoa ya samawati, na ardhi chini yake vilevile.

"Mzee, hiyo ni dawa gani?"

"Mrututu. Tunaupuliza kila mvua zikianza."

Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi, maana mrututu hutengenezwa kwa shaba. Nikachota udongo mwingine juu zaidi, kwenye kichaka kisicholimwa, na maabara hawakukuta kitu. Nilipowapelekea habari, mama alipiga vigelegele, akanijazia kapu la nyanya. Mkubwa wangu alinuna mchana kutwa, lakini nyanya alizila.