Kahawa Mbili za Bai Zhechko

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Bai Zhechko, yaani Mzee Zhechko, fundi wa kompyuta, hununua kahawa mbili kwenye mashine iliyo mlangoni mwa halmashauri. Moja, nyeusi, huiweka juu ya meza ya Snezhina wa idara ya ardhi, bila sukari, kijiti cha plastiki kikielea ndani. Hasemi neno. Ya pili hushuka nayo hadi chumba chake cha chini, kwenye seva zake.

Alikuwa akifanya hivyo tangu kabla Snezhina hajafukuzwa kazi. Alipoajiriwa upya miaka minne baadaye, Snezhina alikuta kikombe kinamngoja mezani, nusura alie. Miaka yote hiyo alikuwa Italia akimwogesha bibi kizee wa watu, na hapa hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba hatumii sukari.

Kufukuzwa na kurudi si ajabu katika jengo lile. Meya mpya huingia na watu wake, wa zamani hutoka, wakienda kungojea uchaguzi mwingine. Bai Zhechko peke yake hajawahi kuguswa. Mameya saba wamempita juu ya kichwa, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kwamba bila yeye kompyuta zingezimika.

Sasa Snezhina alikuwa katika miezi sita ya majaribio, na folda ya Viwanja haikukubali kumfungukia. Nyingine zote zilifunguka, ila hiyo. Madlen, mkuu wa idara, alikuwa amempa mpaka Ijumaa saa sita mchana awe ameleta orodha ya viwanja vya halmashauri iliyomo humo, la sivyo majaribio yangeishia hapo.

"Wenzako wote inawafungukia, mama," Madlen alisema Ijumaa hiyo asubuhi, akipangusa makombo ya banitsa, andazi lake la jibini, kifuani. "Ni wewe tu. Au huko Italia ulisahau kompyuta inawashwa wapi?"

"Alikuwa anawasha jiko, masikini," mmoja akadakia, na wengine wakachekea vikombeni.

Snezhina akashuka chini.

"Bai Zhechko, wananila nyama huko juu. Siondoki hapa mpaka ifunguke."

"Kaa basi, binti. Ila huo waya usiukanyage, ukikatika huo tumekwisha wote."

Bai Zhechko akaanza kutafuta. Jina la Snezhina lilikuwamo katika kikundi cha ardhi. Alilitia mwenyewe Jumatatu. Kikundi kilikuwa na ruhusa ya kusoma na kuandika. Akamwambia atoke kwenye akaunti yake aingie upya, maana kompyuta haijui kwamba umeongezwa kwenye kikundi mpaka uingie upya. Ikakataa. Akamhamishia kwenye kompyuta nyingine. Ikakataa.

"Ruhusa unayo," alisema, akijikuna shingo. "Ipo, naiona."

"Sasa anayenikatalia ni nani?"

Snezhina akainama juu ya bega la Bai Zhechko. Juu kabisa ya orodha ya folda, kabla ya vikundi vilivyoruhusiwa, kulikuwa na kikundi kimoja kilichozuiwa: Walioondoka.

"Hawa ni akina nani?"

"Aa, kitu cha zamani hicho. Watu wa hapa hurudi, kwa hiyo sikuwa nafuta majina. Nilikuwa nawatia humo, wasije wakaondoka na nakala za viwanja. Ukishakuwa humo, hata vikundi kumi vikikuruhusu, hiki kimoja kinavishinda."

"Na mimi nimo."

"Nilisahau kukutoa."

Akakifungua. Majina thelathini na moja, na mbele ya kila jina maelezo mafupi, kwani Bai Zhechko ni mtu wa utaratibu. Snezhina akasoma yake: Azuiwe, amri ya mdomo ya meya. Novemba 13, saa kumi na moja na nusu jioni.

Yeye alifukuzwa Novemba 14, saa nne asubuhi.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Kahawa aliikuta mezani kama kawaida. Folda ikakataa, akampigia simu Bai Zhechko, naye akaja, akakaa kwenye kiti cha Snezhina, akabofya nusu saa nzima. "Mtandao leo umeamka vibaya," alikuwa akisema. Snezhina alimwonea huruma, akamkatia nusu ya banitsa yake. Bai Zhechko alikuwa bado anatafuna simu ilipolia kutoka ofisi ya meya.

Bai Zhechko akalitoa jina. "Toka, uingie tena."

Folda ikafunguka. Ilikuwa saa tano na robo, orodha ingewahi. Snezhina hakuinuka.

"Ile nusu saa uliyokaa kwenye kiti changu," aliuliza, "ulikuwa unatafuta nini?"

Bai Zhechko alikitazama kikombe chake cha karatasi.

"Sikuwa natafuta kitu," akasema. "Nilikuwa nangoja wakuite."