Maji ya Mtungi Machoni mwa Bibi

Nianze na aibu yenyewe, tusizungushane: nilimaliza dawa ya macho ya bibi kwa kulenga sisimizi kwa matone yake, kisha kile kichupa nikakijaza maji ya mtungi.

Nilikuwa darasa la nne, kwetu Msowero. Sasa niko kidato cha pili, lakini nikinusa mchanga mbichi bado mwili unanisisimka. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo kichupa kilifungwa kwenye mfuko, kikafukiwa kwenye mchanga wenye maji chini ya mtungi. Mama alikuwa anashinda shamba la mpunga, kazi ikawa yangu. Kila siku baada ya alasiri nilikifukua. Bibi anainua uso, navuta kope la chini, tone moja kila jicho, halafu nabana kona karibu na pua nikihesabu mpaka mia, dawa isikimbilie kooni. Wenzangu wanapiga mpira, mimi nimeshika pua ya mtu mzima.

Siku ya kwanza ya maji, bibi alitabasamu. "Mjukuu wangu, leo hata haiwashi. Una mkono mwepesi wewe."

Nikajiona mjanja. Keshokutwa yake jirani yetu, Mama Saidi, akaingia na jicho jekundu.

"Shikamoo."

"Marahaba, dokta. Na mimi niwekee hiyo isiyowasha."

Nikamwambia dawa ya macho haiazimwi.

"Umemsikia?" bibi akasema. "Huyu amesoma."

Basi, nikanasa. Kila nikitaka kusema, naletewa sifa nyingine, na kila jioni nafukua kichupa kilekile.

Wiki ya tatu bibi akaanza kugonga bega la kushoto mlangoni. Mama akampeleka kliniki ya macho Kilosa, na mimi nikachukuliwa kama mtaalamu. Nesi akapima presha ya macho, akakunja uso, akauliza dawa anawekewa na nani.

"Huyu hapa," bibi akasema. "Hajakosa hata siku moja."

Hapo nikatapika yote, mpaka sisimizi.

Nilidhani jicho likizidiwa litauma, nami nitakiri kabla halijaharibika. Baadaye sana ndipo nilielewa kwamba presha ya macho haipigi hodi. Inakula pembeni kimyakimya, na ilichokula hairudishi. Bibi hadi leo upande wa kushoto hauoni.

Mama hakunichapa. Alipokea kichupa kipya kwenye dirisha la dawa, akanikabidhi, akasema, "Leo alasiri utamwekea wewe, na kesho, na keshokutwa. Simtafuti mtu mwingine."