Kasuku Alipokaukiwa na Sauti

Katika kiwanda cha kushona sare, fundi mmoja wote walimwita Kasuku. Miaka kumi na moja alikaa kwenye cherehani ya karibu na dirisha, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko sindano. Jumatatu moja akafungua kinywa kumwamsha mumewe, kikatoka kimlio cha mlango usiotiwa mafuta.

Mume akampigia simu msimamizi. "Bosi, mke wangu koo linamuuma, sauti imemkauka kabisa. Leo hawezi kuja."

"Kasuku akose sauti?" Msimamizi akacheka. "Shemeji, hebu mpe simu aniambie mwenyewe kwamba hana sauti."

Kasuku akajitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Hhhh."

"Mbona simsikii?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo, bosi!"

"Nataka cheti cha daktari leo hii. La sivyo asikanyage hapa!"

Kasuku akauchomoa mkataba wake chini ya godoro, akajifunga kitambaa shingoni, akashika njia, mguu mosi mguu pili, hadi ofisini. Akaufungua mbele ya msimamizi, akagonga ibara ya tisa kwa kidole. Msimamizi akabaki kukikodolea macho kidole. Kasuku akanyoosha vidole vitatu, akalaza shavu kiganjani, akatikisa kichwa kwa nguvu. Mafundi wakaacha mashine, wakajazana mlangoni.

"Anaomba likizo ya wiki tatu!" akadakia mpiga pasi.

"Wapi! Ana mimba ya watoto watatu!" akasema mkata vitambaa.

Kasuku akashindwa kujizuia. Akacheka bila sauti, mabega yakiruka, machozi yakimtiririka, na kicheko kile cha kimya kikawaambukiza wote. Msimamizi naye akasoma huku akitetemeka kwa kucheka: "Mfanyakazi ataleta cheti endapo ugonjwa utazidi siku tatu mfululizo." Akarudia kusoma, taratibu.

"Kumbe! Mimi nilijua ni tangu siku ya kwanza. Nisamehe, dada. Nenda kapumzike. Ikifika siku ya nne hujapona, hapo nitakudai karatasi."

Kasuku akamshika mkono, akavuta pumzi amshukuru kwa hotuba ndefu. "Hhhh." Mlangoni watu wakaangua kicheko upya, mpiga pasi akakaa chini kabisa.

Sauti ilirudi Jumatano mchana, Kasuku akianika nguo uani. Akaimba kila wimbo aliokumbuka, hata majirani wakafungua madirisha kuuliza kuna sherehe gani.