Fundi Kesho Atafuta wa Kumjibia

Mume wa dada yangu anatengeneza makochi, na kwa mikono sijaona wa kumfikia. Tatizo ni mdomo. Tangu nimjue sijamsikia akimwambia mtu hapana, wala subiri, wala sijui. Ukimwuliza kochi lako litakuwa tayari lini, anakutazama kwa huruma kabisa, utadhani kochi ni lake na nyumba isiyo na pa kukaa ni yake, halafu anasema kesho. Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, na akiitwa anaitika.

Mimi nakaa kwenye cherehani karibu na mlango, nashona vitambaa vya kuvisha hayo makochi. Kwa hiyo matusi ya wateja yananipitia mimi kwanza, yeye anapata mabaki. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya shemeji yangu ilikuwa ndefu, tena ilikuwa na mlango wa nyuma, ambao aliutumia kila mteja mkali alipoingia kwa mbele.

Na msimdhanie mvivu. Ni kiguu na njia, hatulii. Anapigilia msumari huku simu kaibana begani, msumari haujazama anakwenda kukata sponji, sponji haijakatika anatoka nje kumfuata mtu aliyemwona akipita. Chai yake naikuta dirishani, juu ya kabati, chini ya meza, kila kikombe kimenywewa funda moja. Nilichelewa kugundua kwamba ndani ya vurugu ile kulikuwa na utaratibu: alitengeneza kiti cha yule aliyepiga kelele mwisho. Mama mwenye saluni akija akagonga meza, kochi lake linapanda juu. Dereva wa lori akija akaapa kwamba haondoki, la mama wa saluni linashuka, la dereva linapanda. Kelele ndiyo iliyokuwa kalenda yetu.

Sasa hapo anayeonewa ni nani? Ni mpole. Na mpole wetu alikuwa mzee mmoja mpiga chapa mstaafu, mwenye vidole ambavyo wino haukuwahi kuvitoka. Kiti alichotuletea ni cha mke wake. Mama yule ana ugonjwa wa moyo, akilala chali pumzi zinambana, kwa hiyo usiku hulala ameketi, katika kiti hicho hicho chenye mgongo mrefu. Springi zilikatika, moja ikatoboa kitambaa ikawa inamchoma ubavuni. Tangu kiti kije kwetu, mama analala ameegemezwa ukutani kwa mito. Anateleza, anaamka anatweta, mumewe anamwinua, wanaanza upya. Hayo mzee alitueleza siku ya kwanza, mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hakuyarudia. Kila jioni alisimama mlangoni kofia mkononi, akauliza, akaambiwa kesho, akashukuru, akaenda zake. Anashukuru, jamani! Roho ilikuwa inaniuma. Nikimkumbusha shemeji, ananiambia kile ni kijikazi kidogo tu, kesho atakimaliza.

Aliyemfikisha ukutani si mzee. Ni dada yangu. Watu walikuwa wamepata hata namba yake yeye, wanampigia akipika, wanampigia akimwogesha mtoto, wanamwuliza mumeo yuko wapi. Siku moja akaiweka simu mezani, akamwambia mumewe achague, hiyo simu au mke. Shemeji yangu hajui kuchagua, maana kuchagua ni kumwambia mtu hapana. Akatafuta njia ya tatu.

Aliisikia kwa daktari wa meno, alipokwenda kubadilisha vitambaa vya viti vya wagonjwa. Kumbe daktari alikuwa na mtu wake, mshauri wa mambo ya akili bandia, anayejitegemea, hana kampuni wala bosi, aliyemwekea mashine ya kujibu wagonjwa wanaoomba nafasi. Shemeji akarudi macho yanang'aa. Akampigia huyo mshauri kutoka barabarani, hata karakana hajafika.

Mimi nilitarajia mwanamume wa suti. Akaja binti mwenye begi mgongoni, anatembea kiuno kimekaza, kwa sababu, alisema mwenyewe, kazi yake ni ya kukaa, na kiti chake ni kibovu. Alivuta kigoda akaketi katikati ya vumbi la sponji, akamwuliza shemeji anataka nini hasa.

"Nataka kitu cha kujibu watu."

"Kiwajibu nini?"

"Kiwajibu vizuri."

Mshauri alimwangalia kidogo, akauliza tena kwa njia nyingine, akajibiwa yale yale. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Mtu wangu alikuwa anatafuta wakala. Alitaka mashine itakayokuwa inasema kesho kwa niaba yake, kwa adabu, bila kuchoka, hata akiwa amelala. Alitaka kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu chupa yenyewe aishike mwingine.

Binti wa watu alielewa kivyake. Alishinda kwetu siku kadhaa, anasikiliza simu, anahesabu viti, ananiuliza mimi zaidi kuliko mwenye karakana. Mwisho akaeleza. Kila kiti kitapewa namba. Kila asubuhi nitapiga picha za viti vyote. Mteja akituma ujumbe, mashine itaangalia picha na foleni, imjibu kulingana na kilichopo. Akamwuliza shemeji kama yuko tayari watu waambiwe mambo yalivyo. Akamwuliza tena, kwa maneno mengine. Shemeji akaitikia mara zote, akitikisa kichwa kwa furaha, maana hapana hana. Wakakubaliana kwamba sehemu ya malipo itakuwa kumtengenezea mshauri kile kiti chake kibovu. Akamwambia akilete, kitakuwa tayari kesho.

Wa kwanza kuandika alikuwa mama wa saluni. Mashine ikamjibu papo hapo, na mimi nikausoma ule ujumbe kwa sauti: kochi lake limevuliwa kitambaa cha zamani, sponji mpya haijawekwa, kuna makochi mengine mbele yake, tunaomba radhi. Na picha juu. Shemeji alikuwa na misumari mdomoni. Akaitema yote mkononi, akaja hadi kwenye cherehani.

"Shemeji," akaninong'oneza, "hili dude linasema ukweli."

Nikamwambia ndiyo, na linawaambia wote. Akampigia mshauri mbio mbio. Alitaka dude liongezewe japo neno moja la matumaini, watu wasivunjike moyo. Sauti ya yule binti niliisikia mpaka nilipokaa.

"Kuomba radhi nimeshaifundisha. Kudanganya sitaifundisha. Hata mimi imeniambia kiti changu hujakigusa."

Siku ile shemeji alikaa jicho mlangoni, akingoja waje kumla nyama. Hakuja mtu wa kugomba. Dereva aliandika sawa. Mama wa saluni akashukuru kwa kuambiwa, akanunua mikeka ya wateja wake kukalia kwa muda. Mmoja tu ndiye aliyekuja kuchukua chake akapeleka kwingine, na hata huyo hakugomba. Siku ya pili simu iko kimya, ya tatu kimya. Dada yangu akawa anakula chakula kikiwa moto. Mimi nikasema alhamdulillah, tumepona.

Kumbe kimya kingi kina mshindo. Mtu aliyezoea kusukumwa na kelele, kelele zikiisha anakwenda wapi? Shemeji alianza kochi la dereva akaliacha. Akashika la mama wa saluni, akang'oa misumari ya upande mmoja, akaacha. Akafungua kiti cha mshauri akalitazama tumbo lake, akakifunga. Anatoka nje, anarudi. Anakwenda kwenye mlango wa nyuma anasimama, hakuna anayemkimbiza, anarudi tena. Kila mara ananiuliza nani kapiga.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

Anaitikisa simu, anaisogeza sikioni. Nilikasirika, nikamwambia foleni imo humo humo kwenye simu, afuate namba kama watu wengine. Akasema amejaribu, lakini namba hazimwambii kitu, hazina sura. Wiki ile hatukutoa hata kochi moja. Wakati wa matusi tulikuwa tunatoa.

Na mzee mpiga chapa? Yeye aliendelea kuja jioni kwa miguu, hana habari na mashine, anaambiwa kesho ya mdomo kama zamani, anashukuru. Mpaka siku moja hakuja, na mimi nikaona kwenye simu kwamba ameandika. Labda usiku ulikuwa mbaya, labda miguu ilichoka. Aliandika kwa heshima, akajitambulisha, akauliza kiti cha mke wake kimefikia wapi. Mashine ikamjibu kwa heshima hiyo hiyo: kiti hakijaanza kutengenezwa. Ikamwekea picha. Picha nilipiga mimi asubuhi ile. Rundo la makochi lafika dirishani, na chini kabisa, chini ya mengine yote, unatokeza mguu mmoja wa kiti cha mama.

Asubuhi iliyofuata akaja na mtu wa mkokoteni. Safari hii kofia ilikuwa kichwani. Alisema amekuja kuchukua kiti chake, hivyo hivyo kilivyo. Shemeji akaanza: "Mzee wangu, haki kesho nitakuwa..." Mzee akamwinulia kiganja.

"Fundi, mimi nilijua kesho yako si kesho. Lakini nikirudi nyumbani nilikuwa na neno la kumpa. Nikimwambia kesho, anavumilia usiku mmoja. Jana nilimwonyesha ile picha. Akaniambia nikirudishe tu kiti, springi imchome."

Hakusema kwa hasira. Angepiga kelele ningepumua. Shemeji akaweka nyundo chini.

Akaenda kwenye rundo. Akashusha kochi la juu, akashusha la pili, hakuomba msaada. Mzee alidhani anatolewa kiti aondoke nacho, akamwita mtu wa mkokoteni asogee. Shemeji akakipandisha kiti mezani, akachukua kisu, akakipasua kitambaa kutoka juu hadi chini.

"Kaa, mzee," akasema. "Leo."

Sijawahi kumwona mtu yule amesimama mahali pamoja muda mrefu namna ile. Springi zote alizitoa, hata zile nzima. Akafunga mikanda mipya, akaivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Simu ilitetemeka mara kadhaa mfukoni mwa aproni, hata shingo hakugeuza. Mimi nilishona kitambaa mguu haubanduki kwenye cherehani, mzee ameketi juu ya kochi la mama wa saluni, anatazama. Jua lilipofika utosini kiti kilikuwa kwenye mkokoteni, nasi tunakifuata nyuma.

Ni chumba kidogo, safi. Mito ilikuwa bado imepangwa kwenye ukuta, na ukutani, juu ya mito, rangi ilikuwa imechubuka na kuingia weusi pale kichwa cha mama kilipokuwa kikisugua usiku kwa usiku. Shemeji aliiona alama ile. Najua aliiona, kwa sababu aligeuka akajifanya anakagua miguu ya kiti.

Mama alikuja taratibu ameshika mkono wa mumewe. Kwanza alikipapasa kiti kwa kiganja, akitafuta ile springi. Hakuipata. Akaketi. Akaegemea. Mzee akaanza kutushukuru, maana kushukuru ndiko kwake, na hakuwa amemaliza sentensi mama alipokuwa ameshalala, mchana kweupe, mdomo wazi kidogo, mbele ya wageni.

Simu ya shemeji ikaanza kutetemeka. Akaibana tumboni kwa mikono miwili, amesimama wima, hapumui, hasogezi hata kidole, mpaka ikanyamaza. Mzee akatuonyesha mlango kwa kidevu. Tukatoka kwa ncha za vidole, viatu mkononi.

Barabarani alitembea polepole, yeye ambaye humwacha kila mtu nyuma. Tulikuwa tumeshapita kona alipozungumza.

"Shemeji," akaniambia, "ilikuwa kazi ya asubuhi moja."

Nilikuwa na maneno tele ya kumjibu, ya siku nyingi, niliyokuwa nimeyaweka tayari. Nikayaacha, nikainama kuvaa viatu vyangu.